Olebile na Kipimo cha Ndama

Mji mzima wa Kanye, huko Botswana, ulimjua Olebile kwa mkono wake wa chumvi. Nyama ya harusi na ya msiba kule hupikwa na wanaume, kwenye vyungu vya chuma vya miguu mitatu, kwa maji na chumvi tu, kwa muda wa saa nane hata kumi, mpaka mfupa wenyewe uamue kuachana na nyama. Kisha hupondwa kwa mti mzito mpaka ichambuke nyuzi nyuzi. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya, hakuna pilipili ya kufichia makosa. Ukikosea chumvi umekosea kila kitu, na watu mia nne watakukumbuka kwa hilo mpaka siku ya kukuzika wewe. Olebile hakuwahi kukosea. Kwa miaka ishirini na miwili alichota kwa kiganja, akatazama chungu, akatazama juu mbinguni, sijui alikuwa anatafuta nini huko, kisha akamimina, na ikawa basi.

Msaidizi wake aliitwa Moatlhodi, fundi bomba, mtu mpole wa miaka hamsini. Kwa miaka kumi na mmoja Moatlhodi alikuwa ameruhusiwa kupasua kuni, kuchochea moto, na kuponda pale bwana mkubwa alipochoka. Chumvi hakuigusa. Siku moja mvua ilipoanza kunyesha akaisogelea ndoo ya chumvi aihamishe, Olebile akamwambia aiache inyeshewe.

"Wewe una mkono wa fundi bomba," alimwambia mbele ya watu. "Utatia chumvi kama mtu anayeziba tundu."

Watu walicheka, na Moatlhodi naye akacheka, maana ndivyo alivyoumbwa.

Ng'ombe alipochinjwa, Olebile ndiye aliyeosha matumbo, na kwa kazi hiyo alijiona bingwa. Aliweza kukuambia ng'ombe alikula wapi wiki iliyopita na kama alikunywa maji ya kisima au ya mtoni. Utumbo wake mwenyewe ndio hakuwahi kuufikiria. Asubuhi alikula vipande vinne vya mkate mweupe na soseji. Mchana nyama na ugali wa mahindi yaliyokobolewa mpaka yakang'aa. Jioni nyama tena, na soda nyekundu ya kusukumia. Mboga za majani aliziita malisho. Mtama ndio kabisa: alikuwa ameulishwa utotoni, huko kwenye mazizi ya ng'ombe porini, akaapa kwamba siku atakapopata mshahara hataugusa tena. Mshahara aliupata kwa kuendesha greda la barabara, miaka ishirini na sita juu ya kiti kimoja. Alipostaafu alihama kutoka kiti cha greda akaenda kiti cha barazani, na kwa ajili ya goti lililokuwa likimsumbua akawa anameza vidonge vya maumivu kila siku kama mtu anayetafuna karanga.

Katika ua huohuo aliishi mama yake, Bi Galeboe, mwenye miaka themanini na minne, ambaye bado alikula uji wa mtama na majani ya kunde. Bi Galeboe alipata choo saa moja kasorobo asubuhi, kila siku ya Mungu, na aliwatangazia majirani jambo hilo bila kuulizwa. Mwanawe alikwenda mara moja kwa siku tatu, akiwa na gazeti, na hakutoka mpaka amefika kwenye habari za michezo. Hakuona tatizo lolote hapo. Aliona ni dalili ya mtu anayekula vizuri.

Sasa, mwezi wa Septemba mwaka mmoja kulikuwa na harusi moja ambayo hakuwa tayari kuikosa kwa lolote. Alikuwa anaolewa Boitshepo, binti wa dada yake. Baba wa mtoto huyo alifariki binti akiwa na miaka sita, na siku ya mazishi Olebile alimkuta amejibanza nyuma ya vyungu, analia, hataki kula. Akamchotea nyama kidogo kwenye kifuniko cha sufuria, akachuchumaa mbele yake, akamwambia: siku yako wewe, mimi ndiye nitakayepika, na chumvi nitatia kwa mkono huu. Mtoto akala. Tangu hapo, kila alipomtembelea, hata alipokuwa msichana mkubwa wa chuo, aliuliza kwanza kabla ya salamu, "Mjomba, chumvi ipo?" Naye Olebile alijibu, "Ipo. Inakungoja wewe." Lilikuwa jambo lao wawili, na alilipenda kuliko alivyokiri.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Maumivu yalianza Jumapili iliyotangulia, chini ya kitovu, upande wa kushoto. Alidhani ni upepo wa tumboni. Jumatatu upepo ulikuwa bado haujatoka, choo hakikuja, na mwili ulikuwa na joto la ajabu. Mkewe, Mma Setshwano, yaani Mama Setshwano, alimwuliza mbona hali mkate. Akasema anatunza nafasi ya Jumamosi. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshapiga hesabu yake: mke akijua, ni zahanati, zahanati ni kitanda, na kitanda maana yake ni Moatlhodi kwenye ndoo ya chumvi. Akajikaza kisabuni.

Jumanne alichukua gari akaenda kwenye mazizi yake, akisema anakwenda kumchagua ng'ombe wa harusi. Ng'ombe alikuwa ameshachaguliwa tangu Julai. Alichokifuata ni kabati la dawa za mifugo. Hoja yake ilikuwa hivi: ndama akifunga choo na tumbo likawa gumu, hupewa chumvi ya haluli kwenye maji ya vuguvugu, kwa chupa ya shingo ndefu, na kesho yake anaruka ruka. Alikuwa ametibu ndama wasiohesabika namna hiyo. Waliokufa ni wawili tu, na hao, kwa maoni yake, walikuwa wameamua kufa tangu mwanzo.

Hakutaka kubahatisha kipimo, kwa sababu alijiona mtu makini. Wafugaji wana utepe wa kupimia uzito wa ng'ombe: unauzungusha kifuani, unasoma kilo. Olebile alivua shati, akauzungusha utepe kifuani pake, akavuta pumzi, akasoma. Utepe ulisema kilo mia moja thelathini na tano. Alizidiwa na furaha kidogo, kwani huo ulikuwa uzito wa ndama wa miezi saba mwenye afya njema. Akachanganya dawa kwa uzito huo, akasimama katikati ya zizi, akajishika kidevu kwa mkono wa kushoto kama anavyomshika ndama, akainua kichwa, akamimina yote. Mbwa wake alimtazama mwanzo hadi mwisho.

Yaliyofuata sitayasimulia, maana huenda kuna mtu anasoma huku anakula. Itoshe kusema kwamba hakurudi nyumbani mpaka jua lilipoelekea kuzama, na kwamba njiani alisimamisha gari mara nane. Tumbo lilifunguka, hilo ni kweli. Maumivu hayakwenda popote. Yalikusanyika mahali palepale pa kushoto, yakawa makali zaidi, mahali padogo unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja.

Jumatano asubuhi wanaume walikutana uani kwa dada yake kugawana kazi. Olebile alisimama na kofia mkononi, akaanza. Wa kuchinja akawataja, wa kuni akawataja, wa maji akawataja. Akafika mahali pake. "Na chumvi," alisema, akasita. "Chumvi..." Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, taratibu, kama mtu aliyeamua kupumzika. Wazee walitikisa vichwa kwa huruma, wakidhani ni uchungu wa mjomba anayemtoa mtoto. Mmoja alianza hata kuomba dua.

Moatlhodi peke yake ndiye aliyeona jasho. Asubuhi ilikuwa ya baridi, kila mtu ana koti, na huyu shingo inamchuruzika. Alimgusa paji la uso, akautoa mkono haraka. Alifungua mlango wa nyuma wa pikapu yake, akasukuma mabomba pembeni, akawaita vijana wawili wamnyanyue.

Njia nzima Olebile alidai arudishwe, ni upepo tu, hata jana ulitoka mwingi. Moatlhodi alikaza macho barabarani. Zahanatini, Sista Mma Pheko alimlaza, akambonyeza tumbo upande wa kulia, hakuna. Akabonyeza kushoto, taratibu, kisha akauachia mkono ghafla, na bingwa wa matumbo akatoa sauti ambayo hakujua anayo. Alipopata pumzi alianza kumfundisha sista kwamba kidole tumbo kiko kulia, kwa hiyo hii haiwezi kuwa kidole tumbo, kwa hiyo aende zake.

"Rra, baba yangu, mimi sijataja kidole tumbo," alisema Mma Pheko, akiangalia kipimajoto. "Mimi nataja gari la wagonjwa."

Mma Setshwano alifika gari likiwa limeshawashwa. Aliingia, akakaa, akamtazama mumewe kwa muda. Kisha akamwambia kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na kwamba kama angekufa kabla ya harusi ya watu, angemzika na asingemwongelesha tena. Alikuwa analia alipokuwa akisema hivyo, na mkono wa mumewe hakuuachia mpaka hospitali.

Hospitalini walimtoa damu, wakampima mkojo, wakamwingiza kwenye mashine kubwa ya CT iliyo na tundu katikati. Jioni daktari akaja, binti mwenye miwani, anaitwa Ntsholetsang. Mkono mmoja ulikuwa na picha, kwa mwingine alimwamkia mgonjwa kwa heshima zote. Bi Galeboe naye alikuwa ameshaletwa, amekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, na Moatlhodi alisimama mlangoni na kofia yake.

Daktari alimwambia kwamba utumbo wake mpana umetoa vijifuko. Olebile akasema haiwezekani, yeye ameosha matumbo maisha yake yote na hajaona kitu hicho. Daktari akamwuliza aliendesha nini kazini. Alipoambiwa greda, akatabasamu.

"Tairi la greda likipata mahali dhaifu, mpira wa ndani unafanya nini?"

"Unatokeza," alisema Olebile. "Unakuwa uvimbe."

"Ndiyo hivyo. Choo kikiwa kigumu na kidogo, utumbo unakaza nguvu kukisukuma. Mwaka baada ya mwaka. Mahali palipo dhaifu ngozi ya ndani inatokeza nje, inakuwa kifuko kidogo kama njegere. Watu wengi wanavyo wakishafika umri wako na wala hawajui. Wewe kimoja, au viwili, vimepata maambukizi na kuvimba. Na kimojawapo kimetoboka kidogo na kutengeneza jipu pembeni. Hili hapa. Ni dogo, ukubwa wa punje ya hindi."

Olebile aliiangalia picha. Mama yake ndiye aliyesema, kwamba yeye alijua tangu zamani, ni mbegu za tikitimaji. Mtoto huyu alikuwa anameza na mbegu zake. Daktari akamwambia Bi Galeboe kwa upole kwamba hata madaktari wa zamani walizilaumu mbegu na karanga, lakini ikaja kuonekana ni kuzisingizia. Kisha akaanza kuuliza maswali: Rra anakula nini, anatembea kiasi gani, anavuta sigara, anameza vidonge gani. Kila jibu Mma Setshwano alilitoa kabla ya mumewe, tena kwa urefu. Alipofika kwenye vidonge vya goti daktari aliacha kuandika, akasema hivyo navyo viishe leo, kwani vinaukera utumbo na kuufanya utoboke upesi. Kukaa kitini muda mrefu, nyama bila majani, mkate mweupe, sigara, mwili mzito: hakuna kimoja kinachoweza kusimama peke yake na kukiri kosa, alisema, lakini vyote vilikuwapo pamoja.

"Na dawa? Umetumia dawa yoyote kabla ya kuja?"

Olebile alitazama dirishani. Mma Setshwano hakujua. Ikabidi Moatlhodi akohoe pale mlangoni, kwa sababu jana yake jioni, Olebile akiwa ameshaondoka, alikuwa amepita kwenye mazizi kutafuta mti wa kupondea, akaikuta chupa na utepe, na mchunga ng'ombe wa jirani akamsimulia yote.

"Alikunywa chumvi ya haluli, daktari."

"Kwa kipimo gani?"

"Cha ndama. Wa miezi saba."

Daktari Ntsholetsang alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Bi Galeboe alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Daktari aliporudisha miwani alikuwa amekwisha kuwa mkali. Alimwambia kwamba utumbo uliovimba hausukumwi kwa dawa ya kuharisha wala kwa bomba la kusafishia tumbo. Ungepasuka wote, na choo kingemwagika tumboni, na hapo ni kisu: wangekata kipande, na huenda angetembea na mfuko wa choo ubavuni kwa miezi. Bahati yake ni kwamba jipu ni dogo. Kwa sasa asile kitu, apumzishe utumbo. Anapata maji ya dripu na antibayotiki za mshipani. Homa ikishuka ataanza vinywaji vyepesi, halafu chakula laini. Baada ya wiki sita au nane atarudi wampitishe kamera kwa nyuma, waone utumbo wote uko salama na hakuna kitu kingine kibaya kilichojificha. Na baada ya hapo, maisha yake yote yaliyobaki, kunde, mboga, maji mengi, kutembea, na ugali wa nafaka isiyokobolewa.

"Kama upi?" aliuliza Bi Galeboe, ambaye alijua jibu.

"Kama wa mtama, bibi."

Bi Galeboe aliegemea kiti, akamtazama mwanawe kwa upendo mkubwa. "Miaka arobaini namwambia," alisema.

Olebile aliuliza swali moja tu. Aliuliza kama Jumamosi ataruhusiwa. Daktari akasema hapana. Akauliza kama ataruhusiwa kwa saa mbili tu, wakati wa chumvi. Daktari akasema tena hapana, na sauti yake ilikuwa ya huruma. Alimwambia aliwahi kula nyama yake mara mbili, kwenye harusi ya dada wa daktari mwenyewe na kwenye msiba wa babu yao, na kwamba angependa aipike tena miaka ishirini mingine.

Usiku na mchana wa Alhamisi Olebile aligeukia ukutani. Hakuulilia utumbo wake. Alimlilia mtoto aliyejibanza nyuma ya vyungu. Alikuwa amesema kwa mkono huu, na mkono huo ulikuwa na sindano ya dripu.

Ijumaa saa saba mchana Moatlhodi alikuja kumwona. Olebile alimshika mkono wa shati akamvuta karibu, akamnong'oneza mpango. Homa imeshuka kidogo. Jioni walinzi wanabadilishana zamu. Moatlhodi alete pikapu lango la nyuma, wanakwenda, anatia chumvi, anarudishwa kabla dripu haijakauka.

"Sileti," alisema Moatlhodi.

Olebile alimwuliza tangu lini amekuwa daktari.

"Rra Setshwano, miaka kumi na mmoja nimepasua kuni zako. Ukasema nina mkono wa fundi bomba, nikacheka. Leo nakwambia kama fundi bomba. Bomba likishatoboka hulifungulii maji eti kwa sababu kuna sherehe." Alivua kofia. "Na ukitufia kando ya chungu, ile nyama ataila nani? Boitshepo?"

Olebile aliachia mkono wa shati. Aligeuza uso pembeni. Alianza kumwelekeza: chungu kikubwa viganja vinne na nusu, vya mtu mwenye kiganja kama chake, maji yakishachemka mara ya kwanza, kisha... Moatlhodi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu akasema kwamba viganja vyake ni vidogo, na kwamba angetia kwa jicho. Akavaa kofia akaondoka, na Olebile akabaki na hofu ambayo hata jipu halikumpa.

Jumamosi asubuhi homa haikuwapo kabisa. Daktari Ntsholetsang alibonyeza kushoto na mgonjwa akakunja uso tu. Akaandika kwenye faili: vinywaji vyepesi kuanzia leo, maji, chai ya rangi, mchuzi uliochujwa usio na mafuta. Olebile aliambulia chai nusu kikombe akailaumu sukari yake.

Saa tano lango la hospitali likapata vurugu. Wazee wawili wa ukoo, wamevaa makoti ya sherehe, walikuwa wameshika beseni lililofunikwa kitambaa cheupe, na mlinzi alikuwa amesimama mbele yao na mikono yake miwili wazi. Kwa Watswana kichwa cha ng'ombe wa harusi ni cha mjomba. Si cha mwingine, na hakiwekwi mpaka kesho. Mlinzi akauliza kuna nini humo.

"Kichwa," alisema mzee wa kwanza.

"Kichwa cha nani?"

"Cha mjomba."

Mlinzi alirudi nyuma hatua tatu, ikabidi afunuliwe kitambaa ndipo apumue. Lakini sheria ni sheria, kichwa hakiingii wodini. Baada ya maneno mengi wakakubaliana kwamba wazee wazunguke kwa nje mpaka dirisha la wodi ya wanaume, waliinue beseni, mjomba akione kichwa, ashuhudie kwamba hakuna aliyemlia haki yake. Wakakiinua. Wagonjwa kumi na mmoja waliketi vitandani kutazama, na Olebile, akiwa na gauni la hospitali lililofungwa kwa kamba mgongoni, alipokea kichwa chake kwa kupiga makofi mawili ya heshima, kama inavyotakiwa.

Ndipo akaingia Boitshepo. Alikuwa na gauni lake jeupe na viatu mkononi, kwa sababu vilimbana, na nyuma yake mama yake na Mma Setshwano. Bwana harusi alikuwa ameachwa kwenye gari. Bibi harusi wa kwao haondoki uani kabla mjomba hajasema neno lake, na mjomba alikuwa huku, basi ua ukamfuata huku. Aliketi ukingoni mwa kitanda, pembeni ya dripu. Olebile alisema neno lake, fupi, kwamba aende kwa amani, na kwamba akipigwa arudi, mlango hauna kufuli. Halafu akasema lile lililokuwa limemkaa kooni siku tatu.

"Mwanangu, nilikuahidi. Nisamehe."

Boitshepo alipokea kutoka kwa mama yake chupa ndogo ya chai, akaifungua, akamimina kwenye kikombe cha hospitali. Ulikuwa mchuzi wa chungu kikubwa, umechujwa kwa kitambaa mara tatu, mafuta yote yameenguliwa, safi mpaka unaona chini ya kikombe. Daktari alikuwa ameshaunusa mlangoni na kuukubali.

Olebile alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alitazama ndani. Akatazama juu, kwenye dari, kama alivyozoea. Kisha akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni, na wodi nzima ikamkodolea macho, hata wale wasiojua kinachongojewa. Nyuma ya dirisha wazee walikuwa bado wameinua beseni na mikono inawatetemeka.

"Mjomba," aliuliza Boitshepo, "chumvi ipo?"

Alimeza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakujisumbua kuyaficha.

"Ipo," alisema. "Ipo sawasawa." Akanywa tena, akamaliza, akaufuta mdomo kwa kiganja kilekile cha miaka ishirini na miwili. "Mwambieni Moatlhodi ile ndoo asinirudishie. Na mimi mniwekee kuni za kupasua."

Kisha akamgeukia mama yake, ambaye alikuwa ameingia mwisho akiwa na kibakuli kimefungwa kitambaa kichwani, akamwuliza kama huo ni mtama. Bi Galeboe akasema ndiyo, lakini daktari amesema bado siku chache, kwa hiyo amekuja nao ili mwanawe auangalie tu.